Mke wangu anasema anaishi na mpangaji

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mwanaume wa miaka 37, fundi wa majokofu na viyoyozi hapa Mwanza. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na tuna binti wa miaka minne. Ndoa yetu ina miaka sita. Wiki tatu zilizopita mke wangu alimchukua mtoto akaenda kwa dada yake Shinyanga. Hakuondoka kwa kelele. Alifua nguo zangu, akapika, kisha akaniambia, "Nimechoka kuishi na mpangaji. Ukipata la kuniambia, unajua niliko."

Shangazi, mimi si mlevi, sijawahi kumpiga, na sina mwanamke mwingine ingawa shemeji yangu haamini. Kodi, ada, matumizi ya nyumbani, sijawahi kuchelewesha. Shida yangu ni kwamba tukikosana nanyamaza. Yeye anataka tuyamalize usiku uleule, mimi nahisi kama mtu amenikaba shingo. Nachukua pikipiki naenda karakana, nazima simu, nalala juu ya maboksi. Asubuhi narudi kama hakuna kilichotokea. Nikiwasha simu nakuta amepiga mara kumi na nne. Akiniuliza nilikuwa wapi, naona ananifanya mtoto. Baba yake alikuwa na nyumba mbili, akija akipenda. Mwenyewe husema utotoni alikuwa analala akisikiliza mlio wa gari. Labda anadhani na mimi ndivyo.

Mwezi wa tatu mimba yake ya miezi minne iliharibika. Nilimfikisha hospitali, nikalipa kila kitu, nikamwita dada yake aje akae naye, halafu nikarudi kazini. Nilitengeneza friza la mama mmoja anayeuza sangara mpaka saa sita usiku. Sikuweza kukaa pale kando ya kitanda. Sijui nikuelezeje, miguu ilikataa. Sikulia. Baadaye mke wangu aliniambia, "Siku ile hela zako nilikuwa nazo, wewe sikuwa nawe."

Rafiki yangu alinitumia kwenye simu maswali ya kupima "aina nne za watu katika mapenzi". Nilipojibu ikatoka kwamba mimi ni mkwepaji. Nikamjibia na mke wangu, ikatoka kwamba yeye ni mtu wa wasiwasi. Chini wameandika kuwa watu wa aina hizi mbili wasioane. Wanasema yote huanzia utotoni, ndiyo maana naongeza haya, ingawa sioni yanahusianaje na leo.

Nilizaliwa Muleba. Baba alifariki nikiwa na miaka mitatu. Nilipofika mitano mama akaja Mwanza kutafuta maisha, nikabaki na bibi. Bibi alinipenda, sina la kulalamika. Mama alikuwa anakuja mara moja au mbili kwa mwaka. Siku ya kuondoka alisubiri nilale mchana, ndipo aende Kemondo kuwahi meli ya jioni. Nikiamka naambiwa ameenda sokoni. Mara ya kwanza nilikaa barabarani mpaka giza, kesho yake tena. Baadaye nikaacha. Majirani walinisifu: huyu mtoto jasiri, mama yake akiondoka halii. Mwaka 1996 alikuja kwenye msiba, akaondoka vilevile nikiwa usingizini, na siku chache baadaye tukasikia MV Bukoba imezama. Nilikuwa na miaka minane. Siku nne nilijua mama yumo. Siku ya tano akaja mtu kutoka Mwanza akasema amemwona, kumbe alipanda safari iliyotangulia. Niliendelea kuchota maji kama kawaida. Sijawahi kumwambia mtu.

Jambo la mwisho. Kabla hawajaondoka, nikirudi jioni binti yangu alikuwa ananitazama mara moja, kisha anaendelea na mchezo wake. Zamani alikuwa ananikimbilia mlangoni. Hilo limeniuma kuliko maneno ya mama yake.

Je, ndivyo nilivyoumbwa? Nimfuate mke wangu, au nimwache apate mtu anayejua kupenda?

Fundi, Mwanza

*

Marahaba mwanangu,

Nilipofika kwenye ile meli niliiweka barua yako chini nikatoka nje kidogo. Mtoto wa miaka minane amekaa siku nne akijua mama yake yuko ziwani na maiti mamia, na huku anachota maji, na hakuna mtu aliyemuuliza "una nini?" Halafu unasema huoni yanahusianaje na leo. Nami nakuambia barua yako yote iko pale. Ile karakana, yale maboksi, ile simu iliyozimwa, hata yale masaa uliyokaa na friza la sangara wakati mkeo amelala hospitalini.

Swali lako la kama umeumbwa hivyo nalijibu kwanza, usije ukasoma mengine ukiwa na hukumu kichwani. Hapana. Yule mtoto aliyekaa barabarani mpaka giza, na kesho yake akarudi palepale, alijua kupenda vizuri kabisa. Aliacha kusubiri kwa sababu kusubiri kulikuwa kunamuua.

Hayo maswali uliyotumiwa yana chimbuko la kweli, na sehemu yake moja ilianzia jirani na kwenu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia daktari Mwingereza aitwaye John Bowlby alikuwa akiwachunguza watoto waliotenganishwa na wazazi wao. Alifikia kusema kwamba mtoto anamhitaji mtu wa kumshika kama anavyohitaji chakula, na kamba hiyo kati ya mtoto na mlezi, ambayo mimi nitaiita mfungamano, si deko wala udhaifu. Mwanamke aliyewahi kufanya kazi naye, Mary Ainsworth, alifika Kampala mwaka 1954 mumewe alipopata kazi Makerere. Akaenda kwenye vijiji vya Waganda karibu na mji, akawa anazitembelea familia 26 kila baada ya wiki mbili, kwa muda wa hadi miezi tisa. Alikaa sebuleni na akina mama, mkalimani pembeni, akiangalia watoto. Nani analia mama akiinuka. Nani anamtambalia akirudi. Nani anathubutu kufika mpaka mlangoni kuchungulia wageni kwa sababu anajua mama yuko nyuma yake. Aliona jinsi mtoto anavyomfanya mama kuwa kituo chake: anatoka pale kwenda kuijua dunia, akishtuka anarudi palepale. Nyumba hizo zilikuwa kwenye migomba kama ya bibi yako.

Baadaye, mjini Baltimore, Marekani, Ainsworth alibuni jaribio fupi la dakika kama ishirini kwa watoto wa umri wa mwaka mmoja hivi. Mama na mtoto wanawekwa kwenye chumba wasichokizoea chenye vitu vya kuchezea. Mama anatoka, baada ya muda anarudi. Ungedhani la kutazama ni kilio cha mtoto mama akitoka. Kumbe lililofundisha zaidi ni jinsi mtoto alivyompokea mama akirudi. Wapo watoto waliolia, mama aliporudi wakamng'ang'ania kidogo, wakatulia, wakarudi mchezoni. Wapo waliomshika mama na wakati huohuo kumsukuma, wasibembelezeke. Na wapo ambao mama alipoingia walimtazama mara moja tu, wakaendelea na mchezo.

Najua umeshtuka hapo. Subiri kwanza. Watoto hao wa mwisho walionekana majasiri, kama ulivyoonekana wewe Muleba. Watafiti walipopima mapigo ya moyo wao, waliyakuta yanakwenda mbio kama ya wale waliokuwa wakilia. Hofu ilikuwa ileile. Walikuwa wamekwisha kujifunza, wakiwa na mwaka mmoja tu duniani, kwamba kuionyesha hakuleti mtu.

Simwiti binti yako kwa jina lolote. Mtoto wa miaka minne ana siku zake, na mtazamo mmoja wa mlangoni hautoshi kumpima mtu. Lakini wewe uliuona ukaumia, na ninaamini uliumia kwa sababu ulijiona.

Kuhusu watu wazima, mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver waliwauliza wasomaji wa gazeti moja la Denver wachague, kati ya aya tatu, ile inayowafanana katika mapenzi. Katika majibu 620 waliyochambua, zaidi kidogo ya nusu walikuwa watu wanaokaribiana na wenzao bila shida. Karibu robo walisema mtu akiwasogelea sana wanakosa raha. Waliobaki, kama mmoja kati ya watano, walihofia kila mara kwamba hawapendwi vya kutosha na wataachwa. Basi hiyo shingo unayoona inakabwa, wako wengi wanaoijua. Ila uangalie na kipimo chenyewe: aya tatu gazetini. Vipimo vilivyokuja baadaye ni bora zaidi, na bado vinaonyesha mtu anaegemea wapi akiogopa. Havitoi cheti cha maisha. Wale walioandika kwenye simu yako kwamba watu kama ninyi wasioane, maneno yao yafute. Mtu hubadilika akipata mwenza anayeaminika, au akifika mahali pa kuyasimulia ya utotoni bila kuyakimbia na bila kuzama ndani yake. Wataalamu wana hata jina la utulivu wa namna hiyo, wanaouita wa kuchuma mwenyewe, kwa kuwa mtu hakurithi kwa malezi yake. Wewe umeanza. Barua hii ni mara ya kwanza umeisema ile meli.

Tuje kwa mke wako. Umelala na mwanamke miaka sita anayekueleza alikuwa anasikiliza mlio wa gari, na umeiandika habari hiyo katika mstari mmoja. Rudi uisome. Baba anakuja akipenda. Mtoto hajui leo ni siku ya kuja au siku ya nyumba ile nyingine. Mtoto wa namna hiyo hawezi kuacha kusubiri kama ulivyoacha wewe, kwa sababu mara nyingine gari linakuja kweli. Anajifunza kukaza masikio, kuita zaidi, kushika kwa nguvu zaidi. Leo wewe ukiogopa unazima simu, yeye akiogopa anapiga. Kila anapopiga unaona kabali, unazima muda mrefu zaidi. Kila unapozima anasikia ukimya wa lile gari, anapiga tena. Hakuna mkorofi kati yenu. Simu ya kumi na nne haikuwa ya kukuchunga.

Na sasa nikuambie jambo ambalo nadhani hujaliona, nisamehe kama litakuuma. Mama yako alikuwa anaondoka ukiwa usingizini, bila kuaga. Wewe unachukua pikipiki usiku, bila kuaga. Mkeo na binti yako wanaamka hawajui uko wapi wala utarudi saa ngapi. Lile uliloogopa kuliko yote unawafanyia watu unaowapenda kuliko wote.

Mama yako sitamhukumu, nawe usimhukumu. Mjane kijana, mtoto mdogo, hela hakuna. Alikutoroka kwa sababu alijua kilio chako kingemrudisha, na akirudi mngekula nini? Hata mimi niliwahi kumtoroka mwanangu wa kwanza nilipokwenda masomoni. Nilipita mlango wa nyuma nimeshika viatu mkononi, na niliona nimemfanyia hisani. Wanawake wengi wa rika langu tulifundishwa hivyo na waliotupenda. Mtoto akiagwa analia, ni kweli. Lakini anakuwa na kitu mkononi: mama ameondoka, amesema atarudi. Asiyeagwa hana kitu, na tena anaanza kuuogopa usingizi.

Kwa hiyo mfuate mkeo, na umfuate mwenyewe. Mshenga wenu mpe taarifa kwa heshima, lakini usimtume akaongee kwa niaba yako, maana hilo ndilo hasa mkeo analolia: siku zote unampelekea kitu au mtu, wewe huji. Mpigie leo, umwambie siku na saa utakayofika Shinyanga. Ufike saa hiyohiyo. Usianze na habari ya kurudi nyumbani. Anza na hospitali. Mwambie ulikuwa wapi usiku ule, mwambie habari ya friza, mwambie miguu ilikataa. Mwambie kwamba na wewe ulipoteza mtoto. Nadhani hajui hilo, mwanangu. Alikuona unalipa risiti na kuondoka, akaamini amebaki na msiba peke yake. Ukimaliza, mwache aseme, na akilia usitafute kitu cha kutengeneza. Kaa. Shingo ikianza kukabwa, liseme hilohilo kwa sauti: "Hapa nasikia kutaka kukimbia, lakini sikimbii." Na habari ya meli mpe siku hiyo au siku nyingine, utakavyoweza, ila mpe. Hawezi kumjua mume wake bila hiyo.

Mkirudiana ugomvi utakuwepo, na kichwa chako kitahitaji hewa. Sikukatazi kutoka. Nakuomba uage. "Nimechemka, natoka. Nipo karakana, saa nne usiku nitakuwa nimerudi, tutaongea." Simu iwe wazi, na saa nne ikikukuta bado kifua kimebana, rudi hivyohivyo umwambie bado. Naye mwombe kitu: ukiwa umeaga, asipige mpaka saa hiyo ifike. Wiki za mwanzo atashindwa, atapiga. Pokea, sema "nipo, saa nne nakuja," ukate. Itachukua miezi kwa yeye kuamini, kwa sababu ana miaka sita ya kinyume chake, na nyuma ya hiyo kuna miaka yote ya baba yake.

Huenda unaogopa kwamba nitakutaka uwe mtu wa kukumbatiana na maneno matamu kama kwenye tamthilia. La. Watafiti walipopeleka jaribio lile la Ainsworth kwa Wakisii wa Kenya waliona kwamba kule watoto wamezoea kusalimiwa na wakubwa kwa kupewa mkono, na mama alipoingia, mtoto aliyetulia alimnyooshea mkono tu, na huo ulikuwa upendo kamili. Wewe ni mtu wa mikono. Kuna siku itatosha kumshika mkeo bega ukipita jikoni. Kinachotakiwa ni uwepo, na ujulikane saa ya kurudi.

Kwa binti yako, kila asubuhi kabla ya kuwasha pikipiki muage kwa jina lake, umwambie utarudi akiwa anafanya nini: anaoga, anakula. Ukirudi chuchumaa mlangoni umsubiri. Asipokuja, usimlazimishe wala usimnunue kwa pipi. Mwambie "baba amerudi," kaa karibu na mchezo wake. Usihesabu siku.

Mama yako hujanieleza kama yu hai, na katika barua nzima hakuna sehemu uliyomtaja akiwa mtu wa leo. Kama yupo, siku moja nenda ukamuulize ile safari ya 1996 ilikuwaje, alipanda meli siku gani, aliposikia imezama aliwaza nini. Usiende kudai. Nadhani hata yeye ana siku zake nne.

Mkiona mzigo ni mkubwa kwenu wawili, muulizeni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu awaelekeze kwa mshauri, au ulizeni hospitali ya mkoa kama kuna mtaalamu wa afya ya akili anayepokea wanandoa. Viongozi wa dini nao husaidia, ila chagueni anayewasikiliza wote wawili. Akianza kwa kumwambia mkeo "vumilia, wanaume ndivyo walivyo," ondokeni mkatafute mwingine.

Huenda mkeo atakwambia hawezi kurudi. Ana haki hiyo, amesubiri sana. Hata hivyo safari yako haitakuwa ya bure, kwa sababu binti bado ni wako na ataendelea kukutazama kila unapoingia mlangoni.

Mabasi ya Shinyanga yapo asubuhi. Ukiwa unaondoka kwa shemeji, hata kama unaondoka peke yako, mwamshe mtoto kama amelala. Mwambie unakwenda, na umwambie siku utakayorudi.

Shangazi yako